Wekundu wa Kifua cha Ndege

Siku aliyoolewa, 'Mapulane alipewa mtoto kabla ya kupewa mahali pa kukaa. Sisi Basotho ndivyo tulivyo: bi harusi akishavuka kizingiti, ukweni humvua jina lake la usichana na kumvika la mtoto atakayemzaa. Wakamwita 'Mapulane, mama wa Pulane, na tangu hapo akawa 'Mapulane dukani, kanisani na mtoni. Pulane mwenyewe hakuja. Miaka ikaenda, mvi zikaingia, na jina likabaki kumsubiri mwenyewe kama blanketi jipya lililokunjwa sandukuni.

Mumewe, Hlalele, hakuwahi kumlaumu, ingawa dada zake walimtia maneno ya kutosha. Ujana wake wote aliutoa kwenye machimbo ya dhahabu ya ng'ambo ya mpaka. Huko chini waligundua kwamba mkono wake hautetemeki, wakampa brashi. Akawa mchora ishara: fuvu na mifupa miwili kwenye milango ya umeme, mtu anayeangukiwa na jiwe, mkono uliokatwa. Aliporudi nyumbani milimani, kifua kikiwa kimejaa vumbi la machimbo, alimwambia mkewe, "Miaka yote hiyo nimechora kifo. Sasa nataka kuchora kinachoruka."

Na akachora. Alichora kwa udongo, maana rangi za dukani alizitukana kwamba hazijawahi kunyeshewa. Weupe aliuchimba ukingoni mwa mto, weusi ukatoka kwenye masizi ya chungu, umanjano kwenye udongo wa njia ya farasi. Alivisaga, akavichanganya na kiini cha yai, akapaka juu ya mbao za dari alizookota shuleni.

"Kuku wangu wanakutagia wewe siku hizi," 'Mapulane alimwambia. "Mimi nimebaki kula maganda."

"Nenda kaulize kanisani ni nani mwingine wilaya nzima ya Mokhotlong kuku wake wametundikwa ukutani."

Mke naye hakuwa mgeni wa udongo. Kila mwaka kabla ya mvua alisiriba upya kuta za nyumba yao ya mviringo kwa samadi na udongo, akachora kwa uma wa kulia chakula maua na mistari inayozungukana, na wanawake wa kijiji cha Ha Lebopo walipita kutazama huku wakijifanya wamekuja kuomba chumvi. Mvua ikija, yote huoshwa. Hakuililia, mwaka unaofuata alianza tena. Hlalele alikuwa akisema mkewe ndiye msanii wa kweli, yeye ni mpaka rangi wa mbao tu.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa juu ya mbao. Wachungaji wa kule juu, kwenye mazizi ya kiangazi, walikuwa na tabia ya kutia sumu kwenye mizoga ili kuua mbweha. Mbweha alikufa mmoja, tumbusi wakafa kundi zima. Hlalele alikwea kila zizi kwa miguu, akikohoa, akakaa na wachungaji, akala nao, akawasikiliza wakilalamika kuhusu wana-kondoo wao. Hakuwahubiria. Mwisho wa mazungumzo alimwuliza mwenye zizi swali moja: nikuchoree ndege mlangoni? Aliyekubali alijua maana yake. Mlango wenye ndege ni mlango wa mtu aliyeapa kutoweka sumu, na mpita njia yeyote ana haki ya kumwuliza. Wako waliokataa wakamfukuza kwa mbwa. Mwaka uliofuata akarudi kwao na tumbaku. Milango ikaongezeka mlima kwa mlima, na mizoga ikaanza tena kuliwa bila kuua.

Ndege aliyempenda kuliko wote ni tumbusi mwenye ndevu, yule anayeokota mfupa, akapaa nao juu kabisa, akauachia uvunjike mwambani, kisha akashuka kula uboho kwa starehe zake. Kwa asili kifua chake ni cheupe. Ila yeye weupe hautaki. Hutafuta chemchemi yenye udongo mwekundu, akaoga humo, akajisugua shingo na kifua mpaka akawa mwekundu kama msichana aliyetoka unyagoni na udongo wake mwilini.

"Mimi na yeye ni watu wa kazi moja," Hlalele alisema. "Tofauti yetu ni kwamba yeye hahitaji mayai yako."

Tumbusi hao walikuwa wamebaki wachache. Kuna watu, na nitawaita watu kwa kuwa wana miguu miwili, wanaoamini kwamba ukivuta moshi wa ubongo wa tumbusi utaota namba za bahati nasibu. Kwa ndoto hiyo ya kipumbavu wamemaliza majabali mazima. Ndiyo maana, Hlalele alipoona jozi moja ikijenga ndani ya pango, juu ya chemchemi iliyojificha kwenye korongo, hakumwambia mtu ila mkewe. Alijilaza kwenye jabali la pili, mkabala na pango, blanketi kichwani, akatazama majira yote ya baridi. Yai likaanguliwa. Jioni hiyo aliingia ndani, akavua kofia yake ya majani, akasema kama anayetaja bei ya unga, "Pulane leo amekula."

'Mapulane alikuwa akisonga ugali, mgongo kwake. Aliendelea kusonga. Alisonga mpaka ukawa mgumu kupita kiasi. Kisha akauliza bila kugeuka, "Hasikii baridi?"

"Hasikii. Wamemtandikia sufu ya kondoo. Na kipande cha blanketi langu la kahawia, lile lililopotea kwenye kamba."

"Nilisema ni mbuzi."

"Hukusema mbuzi. Ulisema mimi nimelipeleka kwa mwanamke."

Tangu siku hiyo nyumba yao ikawa na mtoto. Pulane ameota manyoya. Pulane amemeza mfupa mrefu kuliko yeye, umekaa nje ya mdomo nusu siku. Pulane amempiga babake. 'Mapulane alijifanya hasikilizi, na Hlalele akijisahaulisha kusimulia alimwuliza kama kinywa chake kimeuzwa.

Mwezi wa tisa padri wa misheni akaomba picha ya tumbusi mwenye ndevu. Machifu watakuja kwenye sikukuu ya parokia, alisema, na chifu akishaona ndege huyu ukutani, huenda akaona haya kuruhusu auawe. Hlalele alifikiri siku kadhaa. Akamchora mama ndege amesimama mlangoni mwa pango, Pulane amechungulia chini ya bawa. Ila jabali alilificha. Alilikata pembe, akaliongezea maporomoko ya maji yasiyokuwepo, akaligeuzia jua upande wa pili.

"Hata mbuzi aliyezaliwa kule hatapajua," alimwambia mkewe, akajipongeza.

Kitu kimoja tu hakukigusa. Kifua cha mama ndege alikipaka kwa udongo ule ule wa chemchemi ile ile. "Hapo siwezi kudanganya," alisema. "Hiyo ni rangi yake mwenyewe. Alijichagulia."

'Mapulane alikitazama kifua kile kinawaka kwenye ubao, akaona ni haki.

Siku ya sikukuu ukumbi wa misheni ulijaa mablanketi na harufu ya nyama. Machifu walisimama mbele ya picha, wakakohoa kichifu. Padri akafurahi. Kisha akaja 'Mamosele, bibi kizee anayesimamia unyago wa wasichana wa Ha Lebopo, ugoro kwenye kiganja, fimbo mkononi. Akasogeza uso karibu na ubao mpaka watu wakadhani anataka kuulamba. Akaweka kidole kwenye kifua cha ndege.

"Huu udongo ni wetu," alisema.

Mtu mmoja akacheka. "'M'e, mama yetu, udongo wote ni wa Mungu."

"Mungu na akachimbe wa kwake. Tazameni hapa chini, una uzambarau. Ule wa ng'ambo ya mto ni wa chungwa, ule wa barabarani una mchanga. Huu unatoka sehemu moja tu, chemchemi ya wanawake, kule juu korongoni, chini ya pango. Nimewapaka wasichana udongo huu tangu mama zenu hawajui kujifuta kamasi. Hlalele, nani kakuruhusu kuchota?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hlalele mwizi wa udongo wa wanawake, hilo lilikuwa tamu kuliko nyama. Walimtania kwamba naye aingie unyagoni, kwamba atapendeza. 'Mapulane hakucheka. Aliuona uso wa mumewe umekuwa wa majivu. Akafuata macho yake mpaka mlangoni, ambako kijana mmoja aitwaye Sekake alikuwa ameegemea, kijiti mdomoni. Kila mtu alijua buti zake mpya zilinunuliwa kwa kichwa cha nini majira ya baridi yaliyopita, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Sekake hakucheka pia. Aliitazama picha, akatazama mlima dirishani, akatoka.

Waliporudi nyumbani, Hlalele alianza kufunga mzigo: blanketi mbili, birika, unga.

"Unakwenda wapi?"

"Kukaa naye. Bado wiki nyingi kabla hajaruka. Sekake akija atanikuta."

"Atakukuta unakohoa. Na yeye ana kamba na wenzake. Utampiga na nini, brashi?"

"Nitampigia kelele."

"Kwa kifua hicho? Ntate, mzee wangu, ukifia kule, ndege wako watakula wewe kwanza."

Hlalele akalifikiria hilo. "Ingekuwa heshima," alisema, akaendelea kukunja blanketi. Kikohozi kikamkamata hapo hapo, kikamkalisha chini, na 'Mapulane akamshika mabega mpaka kilipopita. Mgongo wake ulikuwa umebaki mifupa. Alimchemshia maziwa, akamfunika, na kulipokucha, mume angali usingizini, akajifunga blanketi lake kwa pini na kwenda kwa 'Mamosele.

Bibi kizee alikuwa amekaa mlangoni akiota jua.

"Umekuja kumwombea mwizi wako?"

"Ni mwizi, 'M'e. Sikatai."

"Vizuri. Kaa, basi. Nilidhani utaanza na machozi."

'Mapulane akakaa juu ya jiwe. Akamweleza yote: pango, kinda, Sekake na buti zake. Akamweleza ombi lake. Mahali ambapo wanawake wazee wamesimika tete lenye majani yaliyosukwa ni mahali pa unyago wa wasichana, na mwanaume hapakanyagi, awe chifu, awe polisi. Atakayekanyaga hatasalimiwa, hatapewa maji, na binti wa mtu hatamtazama. Kwa kawaida tete husimikwa bondeni. Je, mwaka huu lisingeweza kusimikwa juu, kwenye chemchemi?

'Mamosele alivuta ugoro, akapiga chafya, akafuta pua. "Nipandishe vibibi wenzangu mlimani, na magoti haya, kwa ajili ya ndege anayekula mifupa."

"Mdomo wako ndio uliomwonyesha Sekake njia, 'M'e."

"Mdomo wangu ulisema kweli."

"Ulisema kweli. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Kuku akapita katikati yao.

"Anaitwaje?" 'Mamosele akauliza.

"Nani?"

"Huyo kinda. Mume wako lazima amempa jina. Anaonekana mtu wa hivyo."

'Mapulane alitazama mikono yake. "Pulane."

Bibi kizee alichora chini kwa ncha ya fimbo, akafuta kwa mguu. "Siku uliyoingia kwa mama mkwe wako mvua ilikuwa inanyesha," alisema mwishowe. "Walitaka kukupa jina la shangazi yao, lile baya. Mimi nikasema, msimpe hilo, mpeni la mvua, Pulane. Nilikuwepo. Ni mimi niliyelitaja." Akainuka kwa shida, na 'Mapulane akamshika kiwiko. "Tutapanda kesho. Na tukishasimika, tumesimika, mahali hapo hapatarudi kuwa pa wanaume. Lakini usisahau kwamba mwizi wako naye ni mwanaume."

Hilo 'Mapulane hakuwa amelifikiria. Lilimpiga njiani, akiwa peke yake, akasimama. Akamwona Hlalele asubuhi za barafu akitoka na kofia yake, amechangamka kama mtu anayekwenda kumchumbia msichana. Akaona jabali la pili halina mtu. Angeweza kurudi kwa 'Mamosele akasema basi. Alisimama kidogo, kisha akatembea kuelekea nyumbani.

Hlalele alikuwa ameamka, anasafisha brashi kwa kona ya shati, kazi aliyokatazwa mara nyingi. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hata kutoka jabali la pili?"

"Hata kutoka jabali la pili. Korongo lote."

"Hata mara moja, siku ya kuruka?"

"Ntate."

Akaendelea kusafisha brashi ambayo ilikuwa safi tayari. "Nani atamtazama?"

"Mimi."

"Wewe unaogopa kimo. Ukipanda ngazi ya stoo unafumba macho."

"Nitaogopa huku natazama."

Hlalele akaweka brashi chini. Akaufungua mzigo aliofunga jana, akatoa blanketi moja, lile zito, akampa. "Kule kuna upepo," alisema.

Sekake alikuja siku ya tatu, na wenzake wawili, kamba begani. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mdomo wa korongo, wakiota moto wa samadi, tete limesimama katikati ya njia na majani yake yaliyosukwa yakipepea. Vijana walipoliona wakasimama kama farasi aliyeona nyoka.

"Umepotea, Sekake?" 'Mamosele aliuliza.

"Natafuta kondoo dume wangu, 'M'e. Amekuja huku."

"Na kamba ndefu hivyo? Kondoo wako amejifunza kupanda majabali?"

"Mtukutu tu."

"Pita basi, mwanangu. Tete halina mikono ya kukuzuia. Ila ukipita, vua suruali kabisa, tukupake udongo, tukufunze kuketi kama msichana wa watu. Tuna nafasi moja."

Wale wawili wa nyuma walikuwa wameanza kurudi kinyumenyume. Sekake akabaki, taya limekaza, macho kwenye pango. 'Mapulane aliinuka. Lakini mwanamke mwingine alimtangulia, mnene, mpole, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya kiazi. Alikuwa mama yake Sekake. Alitazama buti za mwanawe, akamtazama usoni, akarudi kumenya kiazi chake, na kisu kikamponyoka.

Sekake alikiona kisu kikianguka. Alishusha kamba begani, akaikunja taratibu kama mtu mwenye kazi nyingine, akateremka. Kamba ile baadaye ilionekana imefungia ng'ombe wa mama yake.

Hivyo 'Mapulane akawa macho ya mumewe. Alilala kifudifudi kwenye jabali la pili, vidole vimeng'ang'ania nyasi, akatazama. Jioni alitoa hesabu, na Hlalele alikuwa mkali kuliko padri kwenye maungamo.

"Alikunjua bawa la kushoto au la kulia?"

"La kushoto."

"Manyoya ya mwisho yameachana au yameshikana?"

"Sikuangalia."

"Hukuangalia? Mwanao anakunjua bawa na hukuangalia?"

"Kesho nitaangalia. Kula."

Alichora alichoambiwa, akamwonyesha, na mke akakosoa: shingo fupi mno, jicho halina ule ukali. Alifuta, akachora tena. Mara nyingine maneno yalikwama, 'Mapulane akachukua uma wake akachora kwenye majivu ya moto, mstari mmoja tu, na Hlalele akautazama mstari huo kwa muda mrefu kisha akaukopa. Kikohozi kilipungua, maana hakuwa akilala tena kwenye barafu.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikikaribia, 'Mapulane aliteremka mlima akikimbia, mwanamke wa umri wake, kofia imeanguka mgongoni. Hlalele alimwona tangu alipofika kisimani. Akasimama, akangoja, mikono pembeni.

"Ameruka," 'Mapulane alisema, na ikabidi akae chini kwenye nyasi kwanza. Hlalele akakaa pembeni yake. "Alisimama mlangoni mwa pango. Aliangalia chini kwanza, Ntate. Alikuwa anaogopa. Alitanguliza mguu mmoja, akaurudisha. Kama bi harusi kwenye kizingiti. Halafu akajiachia tu, na upepo ukampokea."

"Kifua chake?"

"Cheusi, kama masizi. Bado hajajipaka."

"Bado ni mtoto," Hlalele alisema. "Siku moja atakwenda mwenyewe kwenye ule udongo." Kisha 'Mapulane akaona kwamba analia, akamwacha alie, akaweka mkono wake juu ya mkono ule usiotetemeka.

Picha hiyo ilimchukua mpaka Krismasi. Alipoipeleka misheni, watu wakaizunguka. Pulane alikuwa hewani, mabawa yamefunguka, kifua cheusi, jicho la mtu anayeshangaa bila kukubali kuonyesha. Nyuma yake ubao ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jabali, wala pango, wala chemchemi. Mgeni mmoja kutoka mji mkuu, Maseru, mwenye kamera shingoni, alisogea karibu.

"Ni nzuri sana, Ntate. Ni wapi hapa?"

Hlalele alimtazama mkewe aliyesimama kando na kikapu cha mayai, akamtazama mgeni, uso wake mnyofu kabisa.

"Hata mimi sijui," alisema. "Sijafika huko."